Shangazi wa Kwenye Video

Niliwahi kuwa mkalimani wa video kabla kazi hiyo haijapata heshima wala jina. Siku hizi vijana wanaifanya kwa kipaza sauti na mbwembwe nyingi. Mimi nilisimama tu pembeni ya televisheni na fimbo yangu ya darasani, nikatumia sauti ile ile niliyofundishia hesabu za mafumbo, na watu wa Musoma wakaniamini. Kuaminiwa huko ndiko kulikoniponza, maana ukishasimama mbele ya watu na fimbo, hata ukikosea wanaandika.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na kufulia nguo majani ya mpapai, kisha vitu vikaanza kuingia kutoka mpakani Sirari kana kwamba vilikuwa vimefungiwa mahali: mitumba, dawa ya meno, betri, na mwisho video. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alileta televisheni, deki na jenereta, akakodi ghala la ushirika lililokuwa tupu tangu pamba ilipoacha kuja, akapanga mabenchi. Kanda zake zilikuwa za Kiingereza, na watazamaji hawakuwa tayari kukaa saa mbili wakiangalia midomo ya Wazungu inacheza. Akaja shuleni kwetu kutafuta mwalimu wa Kiingereza, nami nilikifundisha pamoja na hesabu. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mshahara wangu ulikuwa unaisha kabla sijaukunja, na yeye alisema atanilipa sukari. Nilikubali hajamaliza sentensi.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi mchana. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya tabu, kwa hiyo sikuruhusiwa kuitazama kanda kabla ya watu. Nilitafsiri kama inavyokuja. Mtu akisema neno, nami nasema, na likishatoka limetoka.

Nilipanga chumba mtaa wa Kigera, katika nyumba ya mama mmoja ambaye mumewe alifanya kazi Mwanza na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Sijawahi kukaa kwenye nyumba safi kama ile. Uwanja ulifagiliwa mara mbili kwa siku. Mama mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya parokia, mwenye sauti ya pili iliyowafanya watu wanyamaze. Nilipougua malaria nikiwa mgeni wa wiki tatu tu, alinipikia uji wa ulezi, akaninywesha kwa kijiko, akafua mashuka yangu bila kuombwa. Mwaka ule sabuni ilipoadimika tena alikata mche wake katikati kwa uzi, nusu akanipa mimi. Nayasema haya mapema kwa sababu yote ni kweli, na kwa sababu yalinisaidia sana kufumba macho.

Nyumbani mle alikuwemo binti wa miaka kama kumi na minne, mtoto wa kaka yake aliyekuwa mkulima na mvuvi kijijini Bukima. Aliletwa mjini asome. Alikuwa darasa la saba shuleni kwangu, na kwa hesabu hakuna mvulana aliyemfikia. Alipika, aliosha vyombo, alibeba mgongoni kitinda mimba wa mama mwenye nyumba, na alilala stoo, pamoja na magunia ya michembe, vile viazi vya kukaushwa, na mkaa. Komeo la stoo lilikuwa kwa nje. Niliambiwa ni kwa ajili ya wezi, na sikuuliza mwizi gani anafungiwa pamoja na mali.

Yule mama hakuwahi kumfokea. Natamani angefoka. Binti akiunguza mboga au akichelewa kisimani, mama alikuwa akisonga ugali anasema kwa upole, "Njoo, mama. Lete mkono." Binti anakuja, ananyoosha kiganja. Mwiko ulitoka sufuriani na ugali wa moto ukiwa umeung'ang'ania, ukawekwa pale kiganjani, na mama akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kwaya, wala hauharakishi. Ubeti ukiisha, mwiko unaondoka. "Asante, shangazi," anasema binti, maana ndivyo alivyofundishwa. Kisha anaenda kuosha mikono na kuendelea na kazi.

Mara ya kwanza niliyaona hayo mlango wangu ukiwa wazi, nikarudi ndani kwenye madaftari na redio yangu, kama mtu aliyefungua choo chenye mtu. Nikajiambia ni malezi. Hata mimi nilikuwa na fimbo, na kwetu Guta shangazi ni baba aliyevaa gauni: akisema kitu kuhusu mtoto wa kaka yake, hata mama mzazi ananyamaza. Sasa mimi mpangaji, mtoto wa watu, nilikuwa nani? Nikakaa na jibu hilo mwaka mmoja na nusu.

Jumamosi ninayoisimulia, ghala lilijaa. Mama mwenye nyumba wangu alikuja na wenzake wa kwaya moja kwa moja kutoka mazoezini, wakakaa benchi la pili, vitenge vyao vya sare vikiwa vimefungwa vizuri. Binti alisimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Mwenye video alitangaza kwamba leo kuna sinema ya kutisha, wenye mimba wafikirie. Watu wakashangilia.

Sinema ilianza na nyumba nzuri yenye maua, kitambaa mezani, baba mwenye tai, watu wanasali kabla ya kula. Akaja msichana na sanduku lake, wazazi wake wamekufa. Mwanamke wa nyumba akafungua mikono, msichana akamkimbilia akisema, "Anti!"

Hapa inabidi nieleze jambo moja la lugha. Kiingereza kina neno moja tu kwa dada wa baba na dada wa mama, kama vile ni mtu yule yule. Kwetu ukisema bila kuchagua, hujasema kitu. Ningeweza kuliacha vile vile, lakini kwa wazee wa pale anti alikuwa ni dada wa mjini mwenye nywele za dawa. Nilikuwa na sekunde moja. Neno nililokuwa nalisikia kutwa kucha mlangoni kwangu, kwa sauti ya mtoto, ndilo lililonijia.

"Shangazi!" nikasema.

Haikuchukua muda yule mwanamke akaanza kumpeleka msichana kwenye chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Sisi Musoma tumejenga juu ya mawe. Nani atachimba chumba chini ya nyumba, na kwa nyundo gani? Sikuwa na neno. Nikasema, "Shangazi anamfungia stoo."

Mvuvi mmoja mbele akapaza sauti, "Sasa kitu ya kutisha iko wapi, mwalimu? Si hata kwetu wanalalaga stoo?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sinema ikaendelea. Yule mwanamke hakupiga kelele hata mara moja. Alishuka ngazi akiwa amevaa aproni safi, akamwita msichana kwa sauti ya chini, kwa lile neno ambalo Wazungu humwita mtu wanayempenda. Kwa Kiswahili mtu mzima akimbembeleza mtoto wa kike anasemaje? Nilisema kama tunavyosema.

"Njoo, mama."

Ghala likanyamaza. Mwanzoni nilidhani ni sinema imewashika, nikafurahi, kama anavyofurahi mwalimu darasa likitulia. Kisha nikaona vichwa. Kwanza ni wanawake wa kwaya waliokuwa benchi la pili, mmoja mmoja, wakigeuka pembeni. Halafu benchi la nyuma yao. Halafu majirani zetu wa Kigera waliosimama ukutani. Hawakuwa wanaitazama televisheni tena. Walikuwa wanamtazama mama mwenye nyumba wangu.

Shangazi, stoo, njoo mama: nilikuwa nimeichukua sinema ya Wazungu nikaihamishia nyumba ninayolala. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyeuliza. Walijua. Mtaa mzima ulikuwa unajua, wanawake walioimba naye kila Jumapili walikuwa wanajua, na kila mmoja alikuwa amekaa na jibu lake kama mimi nilivyokaa na langu.

Nilitafuta kule nyuma. Binti alikuwa amemgeuza mtoto kutoka mgongoni, amemkumbatia kifuani, na amemfunika macho kwa kiganja.

Kisha ikaja nafasi ya kujiokoa. Kwenye sinema padri alikuja kuwatembelea, na yule mwanamke akamwambia kwamba msichana ni mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike. Nikairukia sentensi hiyo.

"Jamani, samahani," nikasema kwa nguvu. "Nimewakosesha. Huyu siyo shangazi. Ni mama mkubwa."

"Hapana!" wakapiga kelele.

"Mwalimu, usitugeuzie! Ni shangazi huyo!"

"Tumeshamjua!" akasema mwanamke mmoja, na sauti yake ilitoka benchi la pili.

Nikajaribu tena, nikagonga fimbo ubaoni, yaani kwenye mbao za ukuta. Wapi. Mzee mmoja alisimama kabisa kunieleza kwamba mama mkubwa ni mama, na mama hawezi, kwa hiyo mwalimu asome vizuri. Basi hadi mwisho akabaki shangazi, kwa kura ya ghala zima. Sikumbuki nyumba ile ya kwenye sinema iliishia wapi. Namkumbuka mama mwenye nyumba wangu, amekaa wima, mkoba magotini, macho mbele. Hakutoka. Alikaa mpaka jenereta lilipozimwa, akainuka, akaondoka peke yake. Wenzake wa kwaya walibaki wakifunga na kufungua vitenge ambavyo havikuwa na tatizo lolote.

Nilipofika nyumbani alikuwa amenipikia chai. Aliniita sebuleni, akanimiminia, akasubiri ninywe kidogo.

"Mwalimu, mimi nimekukosea nini?"

"Mama, ni Kiingereza," nikasema. "Anti kwao ni neno moja tu, sasa mimi..."

"Kiingereza ndiyo ilisema stoo?"

Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, akaufungua. Katikati ya kiganja ngozi ilikuwa nyororo, inang'aa, haina mistari. Miezi yote ile nilikuwa nimekula kwenye mkono huo na sikuwahi kuuona.

"Nililelewa Butiama kwa shangazi yangu," akasema. "Nilikuwaga nalala na mbuzi, mwalimu. Mbuzi. Huyu nimempa mkeka, nimempa shule, simpigi fimbo, simtukani. Na mimi nilifanywaga hivi hivi na nikawa mtu. Ningemwacha tu, si mngesema simpendi kwa sababu siyo wa tumbo langu?"

Akalia. Hakulia kwa kujionyesha. Machozi yalimshuka na akayaacha. Nilimhurumia, na niseme ukweli, ninamhurumia hata leo. Nilimwona mtoto amelala na mbuzi kwenye vilima vya Butiama, na hakuna aliyemweleza kwamba lile lililompata lilikuwa baya. Kama lilikuwa baya, basi shangazi yake hakumpenda, na hilo hakuweza kulibeba. Lakini huruma yangu ilifanya kazi vibaya. Nilimshika mkono ule, nikamwomba msamaha. Sikusema hata neno moja juu ya binti, ambaye wakati huo huo alikuwa uani anaosha vikombe.

Jumatatu dawati la binti lilikuwa tupu. Niliporudi nikauliza.

"Nimewarudishia mtoto wao," akasema mama mwenye nyumba. "Ili mtaa upumzike."

Ilikuwa imebaki miezi miwili tu kabla ya mtihani wa darasa la saba. Nilisimama pale uani nikiwa na chaki bado kwenye vidole, nikaelewa nilichofanya. Ulimi wangu ulikuwa umemtoa kwenye mwiko na kumtoa shuleni kwa mkupuo mmoja. Huko Bukima angemaliza msimu wa muhogo, halafu msimu wa dagaa, halafu angetokea mtu na ng'ombe wa kutosha, na zile hesabu zake zingebaki za kuhesabia ndoo. Nilikasirika, kwanza na yeye, kisha na kwaya nzima iliyopiga kelele ghalani na kurudi nyumbani kimya, na mwisho na mimi, hasira ambayo haijaisha.

Wiki ile nilitafuta chumba upande wa pili wa mji, nikahama. Mama mwenye nyumba alinisaidia kubeba kitanda. Jumamosi mwenye video alinisubiri hakuniona, nilikuwa nimepanda pikapu ya wanunuzi wa samaki kwenda Bukima.

Nilimkuta baba yake binti nje ya nyumba anamenya muhogo, mtu mwembamba mwenye kisu kikali. Alinipa kigoda. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, ndipo nikamweleza. Nilimweleza yote: komeo, kiganja, ubeti, na kwamba nimepata chumba kingine ambako binti angekaa nami amalize shule. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Dada yangu alituma salamu kwamba mtoto ameshindwa tabia," akasema. "Wewe hayo uliambiwa, ama uliyaona?"

"Niliyaona, baba."

"Ulianza kuyaona lini?"

Ningeweza kudanganya. Neno "majuzi" lilikuwa mdomoni tayari.

"Mwaka mmoja na nusu," nikasema.

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautupa kwenye beseni la maji, akachukua mwingine.

"Dada yangu hakusoma," akasema. "Wewe umesoma."

Sijawahi kuchapwa na mtu mzima kama siku ile, na hakuinua hata mkono. Kisha akamwita binti. Akamuuliza mbele yangu kama anataka kwenda na mwalimu amalize shule, akamwambia hakuna wa kumlazimisha. Binti alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akaingia ndani kufunga madaftari.

Tulikaa kando ya barabara kusubiri pikapu ya kurudi. Alikuwa ameweka mfuko wake magotini, amelaza viganja juu yake. Watu walipita na majembe, wakatusalimu, tukaitika. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Musoma, nikaanza kuyatoa. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia kwamba nilikuwa mgeni pale, kwamba sikujua kama hali ilikuwa mbaya kiasi kile, kwamba ningejua...

"Ulikuwa unajua, mwalimu," akasema. Hakusema kwa ukali. Alinisahihisha tu, kama nilivyozoea kuwasahihisha wao.

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Redio yako. Kila shangazi akiniita, redio yako ilikuwaga inapanda sauti."

Nilifungua mdomo kukataa. Wallahi sikuwa nimewahi kuona mkono wangu ukifanya hivyo. Lakini hapo hapo nikaona kitufe kile kidogo cha pembeni, nikakisikia kwenye vidole, jinsi kilivyokuwa kigumu kidogo na jinsi nilivyokuwa nakizungusha bila kuacha kusahihisha madaftari, siku baada ya siku, mwaka na nusu. Nilijifunika uso kwa khanga nikalia pale barabarani mbele ya mwanafunzi wangu.

Aliniacha nilie kidogo. Kisha akanisogelea, akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Mimi nilikuwaga nashukuru, mwalimu," akasema. "Redio ikipanda, najua kuna mtu amesikia."